MBWA MZEE SI MVIVU, ANAUMWA VIUNGO

Wadau, leo tuongee kidogo kuhusu mlinzi wa getini. Nyumba nyingi huku mitaani zina mbwa aliyeletwa akiwa mdogo, akakua pamoja na watoto wa nyumba, akafukuza vibaka miaka kumi. Sasa kachoka. Ukimwita anachelewa kuinuka, geti likigongwa anabweka huku kalala. Hapo ndipo maneno yanaanza: "Huyu kazeeka bwana, tumtoe tulete mwingine."

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mbwa wetu alipofika miaka 11 tukasema ni uvivu. Mjomba akamwona anachechemea, akamchanganyia kidonge cha diclofenac kwenye ugali. Nia yake ilikuwa njema, maana yeye mwenyewe kilimsaidia mgongo. Siku ya pili mbwa akaanza kutapika, kinyesi kikawa cheusi kama lami. Alipona, lakini kwa bahati na kwa hela nyingi ya daktari. Ndiyo maana naandika haya, mwingine asirudie.

Tatizo ni nini hasa?

Pale mifupa miwili inapokutana kuna gegedu, kitu laini kinachoteleza ili mifupa isisuguane. Miaka inavyokwenda gegedu linalika, kiungo kinavimba na kuuma. Wengi wetu tunaita baridi yabisi. Hushika sana nyonga, magoti na viwiko. Mbwa wakubwa kama German Shepherd na Labrador wengine hurithi tatizo la nyonga zisizokaa sawasawa, kwa hiyo kwao huanza mapema. Ugonjwa huu hauponi kabisa, ila maumivu yanapunguzika sana.

Dalili za kuangalia

Usisubiri alie, maana mbwa wengi huumia kimya kimya. Angalia haya:
- Asubuhi anaamka mkakamavu, akitembea kidogo analainika.
- Ngazi alizokuwa anaruka sasa anazifikiria kwanza.
- Analamba sehemu moja ya mguu kila saa.
- Mapaja ya nyuma yanakonda.
- Amekuwa mkali akiguswa kiunoni, hata na watoto aliowazoea.

Si kila kuchechemea ni uzee

Akianza kuchechemea ghafla, ana homa, hali na fizi zimepauka, inaweza kuwa ugonjwa wa kupe. Huo una dawa yake, mpeleke haraka. Na akilegea miguu huku anatoka mate mengi, anashindwa kumeza au tabia imebadilika ghafla, usimshike kabisa! Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mbali na watu, mwite afisa mifugo. Kama kashamng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mbio hospitali.

Dawa ya kwanza ni uzito

Hii haina gharama. Watafiti wa kampuni ya Purina huko Marekani waliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Nusu walilishwa asilimia 25 pungufu ya wenzao. Waliolishwa kidogo umri wao wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 13, wenzao 11.2. Hata matatizo ya viungo yaliwachelewa. Kila kilo ya ziada inabebwa na magoti yale yale yanayouma.

Kipimo ni mikono yako. Weka viganja ubavuni: ukizihisi mbavu bila kubonyeza sana, yuko sawa. Ukizitafuta huzipati, kanenepa. Ukimtazama kwa juu, kiuno kionekane. Punguza ugali kidogo kidogo, acha kumrushia mafuta ya nyama. Lakini kama mbavu zinahesabika kwa mbali, huyo ana njaa, usimpunguzie kitu. Na makombo yenye vitunguu usimpe, vinaharibu damu ya mbwa.

Mazoezi na malazi

Kumfungia kutwa nzima kunazidisha ukakamavu. Mtoe matembezi mafupi, dakika 10 hadi 15 mara mbili au tatu kwa siku, kuliko safari moja ndefu ya Jumapili. Mbio za kufukuza mpira na kugeuka ghafla ziache. Kama mko karibu na bahari na maji yametulia, kuogelea kidogo kunafaa, maana maji yanambeba.

Usiku asilale kwenye saruji tupu. Gunia lililojazwa nyasi kavu au kipande cha godoro kuukuu kinatosha, ila kikague kisiwe na kupe. Kwenye vigae tandika mkeka wa mpira asiteleze. Kata kucha zikizidi. Penye ngazi weka ubao wa kupandia. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kiungo kwa dakika 10 kinampa nafuu, ukihakikisha hakimuunguzi.

Dawa za dukani: hapana!

Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panadol nayo inaweza kuharibu ini na damu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama carprofen na meloxicam, lakini kipimo apange daktari wa mifugo. Mfano: mbwa wa kilo 20, meloxicam ya kila siku ni kama miligramu 2. Kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5. Umeona hatari ya kukadiria? Tena hizi dawa hazichanganywi pamoja, wala na prednisolone. Akiwa kwenye dawa akatapika, akakataa kula au kinyesi kikawa cheusi, acha dawa na umpigie daktari.

Mafuta ya samaki yanaweza kusaidia kiasi, ila muulize daktari kipimo. Vidonge vya glucosamine vinasifiwa sana lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kama hela ni ya mawazo, anza na uzito na malazi.

Mwisho wa safari

Itafika siku hawezi kusimama hata kujisaidia, na dawa hazishiki. Hapo daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano bila mateso. Lakini uamuzi huo usifanywe kwa sababu tu anachelewa kufika getini. Na kumtupa barabarani au kumpa sumu ni ukatili, tusidanganyane.

Wetu aliishi miaka miwili zaidi, kapungua mwili, analala kwenye godoro lake. Mwizi hakumfukuza tena, lakini kubweka alibweka mpaka mwisho.

Haya wadau, nyumbani kwako yupo mzee wa namna hii? Jioni hii kamguse mbavu.