Askofu Mkuu wa Goa na Mwana wa Mfalme wa Mombasa

Pale ilipo leo Nansha, kusini mwa Guangzhou, Mto Lulu unaingia baharini. Mwishoni mwa karne ya 16 Wareno wa Macau walipita katika lango hilo wakienda kununua hariri. Kwa hesabu za Kanisa, China yote ilikuwa ya dayosisi ya Macau, iliyoundwa mwaka 1576 chini ya jimbo kuu la Goa. Mombasa nayo ilihesabiwa chini ya Goa. Mamlaka ya namna hiyo ilikuwa pana kwenye karatasi kuliko kwenye nchi kavu.

Mwaka 1595 kiti hicho kilikaliwa na Aleixo de Menezes, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Lisbon, aliyekuwa na umri wa miaka 36 hivi. Miaka miwili baadaye watawa wenzake walifungua nyumba yao Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu iliyokuwa bado mpya. Yeye mwenyewe anakumbukwa zaidi kwa Sinodi ya Diamper ya mwaka 1599, huko Malabar. Wakristo wa kale wa Mtakatifu Tomaso waliamriwa kufuata Roma, na vitabu vyao vya Kisiria vikachomwa moto. Hasara hiyo haikufidiwa. Tangu 1607 hadi 1609 alikuwa pia gavana wa Uhindi ya Kireno. Msalaba na upanga vikawa mkononi mwa mtu mmoja. Kisha akarudi Ureno, akawa Askofu Mkuu wa Braga, akafariki Madrid mwaka 1617.

Hakuwapo, basi, Yusuf bin Hasan alipopelekwa Goa, mtoto mdogo ambaye baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Waliomlea ni Waagostino. Walimbatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, na mwaka 1626 akarejeshwa Mombasa kutawala.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Watawa na Wakristo wengi, Waafrika miongoni mwao, waliuawa baada ya hapo. Waandishi wa Kireno walimwita msaliti. Neno hilo ni jepesi mno kwa yatima aliyelelewa na dola iliyomwua baba yake. Lakini halihalalishi damu ya waumini wa Kiafrika, ambao hawakuwa na ngome wala mizinga. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, akaishi baharini akiwinda meli za Wareno.