Ganda: matumizi yake katika maelezo ya mabomba ya gari-nyumba

ganda *kt* (gandia, gandisha, gandishwa) 1. -wa kitu kigumu au kizito baada ya kuwa majimaji: *Damu imeganda.* 2. -shikilia kwa nguvu bila kuachia: *Kupe ameganda sikioni mwa ng'ombe.*

Matumizi. Maana ya kwanza hujumuisha maziwa, damu, samli na maji. Hata hivyo, tabia za vitu hivyo hazifanani. Maziwa yakiganda kibuyuni, kibuyu husalimika. Maji yakigeuka barafu katika nyuzi 0 za selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, nayo yakibanwa ndani ya bomba huweza kulipasua. Kwa hiyo, anayemwandikia msomaji wa Kiswahili aishiye Kanada au kaskazini mwa Marekani kuhusu kuandaa gari-nyumba kwa majira ya baridi asiishie kwenye *maji yataganda*. Aseme *maji yataganda na kupasua mabomba*.

Bomba, koki, mfereji. Katika matumizi ya Tanzania, *bomba* ni njia ya kupitishia maji na pia mahali pa kuyafungulia. Nchini Kenya, mahali hapo huitwa *mfereji*, neno ambalo kwa wengine ni mtaro. Agizo *fungua bomba* huweza kumfanya msomaji adhani kazi imekwisha, ilhali maji yamebaki sehemu za chini. Ni afadhali kutumia *bomba* kwa njia ya maji na *koki* kwa kifungulio.

Mfano wa maelezo. *Zima kipasha maji, yaache maji yapoe, kisha punguza shinikizo kwa kufungua koki ya maji ya moto. Mwaga maji yote ya tangi, ya kipasha maji na ya mabomba kupitia matundu ya chini. Mwaga pia matangi ya majitaka. Funga njia iingiayo kwenye kipasha maji, kisha tumia pampu kusukuma kizuia kuganda mabombani. Fungua koki moja moja, ya baridi na ya moto, pamoja na ya bafu na ya choo, hadi rangi ya kioevu hicho ionekane. Mimina kiasi kidogo katika kona ya bomba iliyo chini ya sinki, kwa kuwa hubaki na maji daima.*

Tahadhari. *Kizuia kuganda* kisifasiriwe kuwa *kulanti*, neno la mafundi wa magari. Kulanti nyingi za injini zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu ingawa ladha yake ni tamu. Mabomba ya maji ya kunywa huhitaji kioevu kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, aghalabu chenye propilini glikoli. Rangi ya waridi pekee si ushahidi, kwani baadhi ya kulanti pia zina rangi hiyo. Sharti lebo isomwe. Kabla ya kutumia maji tena majira ya joto yanaporejea, mabomba husuuzwa kwa maji safi hadi kioevu kiishe.