Historia Iliyofungwa Sandukuni

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria hafla fupi ya kukabidhi vifaa vya maabara vilivyotoka Marekani. Hotuba zilisomwa, picha zikapigwa. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwamo sentrifuji mbili, mashine za kuzungusha sampuli kwa kasi ili chembe nzito zijitenge na kimiminika. Zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60. Soketi zetu hutoa volti 230 na hezi 50.

Ya kwanza ilibadilishwa plagi tu, ikawashwa, ikaungua. Kwa ya pili ikanunuliwa transfoma ya kushusha volti. Ikazunguka, na watu wakapiga makofi. Lakini kwa muhula mzima sampuli hazikujitenga sawasawa, na wanafunzi wakakatwa alama kwa uzembe wa vipimo.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mhandisi. Hata hivyo, swali lililobaki maabarani siku zile ni la historia: kwa nini umeme wa dunia moja haufanani?

Mwaka 1882 Thomas Edison alianza kuuza umeme jijini New York kwa takribani volti 110, kiwango kilichozifaa taa zake za nyuzi za kaboni. Mkondo geu ulipokuja kuchukua nafasi ya mkondo mnyoofu wa Edison, taa na nyaya zilikuwa zimekwisha kuenea, na kiwango kikabaki karibu palepale. Kampuni ya Westinghouse ikachagua hezi 60; AEG ya Ujerumani ikachagua 50. Ulaya ilipandisha volti hadi 220 kwa sababu ya hesabu rahisi: volti zikiongezeka maradufu, mkondo unaohitajika kwa kazi ileile hupungua nusu, na shaba ya nyaya huokolewa.

Japani ndiyo shahidi mkubwa wa jambo hili. Mnamo 1895 Tokyo ilinunua mitambo ya AEG ya hezi 50. Muda mfupi baadaye Osaka ikanunua ya General Electric ya hezi 60. Maamuzi ya wanunuzi wawili yaliigawa nchi hadi leo. Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 vilipozima vinu vya mashariki, magharibi kulikuwa na umeme, lakini mitambo ya kubadili hezi iliweza kuvusha takribani megawati 1,000 tu. Taifa tajiri likakaa na mgawo wa umeme kwa sababu ya hati za manunuzi za karne ya kumi na tisa.

Na sisi? Dar es Salaam ilipata umeme wa umma mwaka 1908, chini ya Wajerumani. Kisha wakaja Waingereza na viwango vyao. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Tulirithi hezi 50 kama tulivyorithi mipaka.

Sasa turudi kwa wanafunzi wale. Transfoma hubadili volti; hezi haizigusi. Mota ya induksheni, kama iliyokuwamo katika sentrifuji yetu, hufuata hezi: iliyosanifiwa kwa mizunguko 3,600 kwa dakika hushuka hadi 3,000. Nguvu ya kutenganisha chembe hufuata mraba wa kasi, hivyo hubaki takribani asilimia 69. Kazi ya dakika 10 inadai zaidi ya dakika 14. Isitoshe, kwa volti zilezile na hezi pungufu, chuma cha mota hubeba usumaku zaidi kwa sehemu moja ya tano, kikapata joto kupita kiasi. Ndiyo maana fundi mjuzi angeshusha volti hadi 100, si 120, na kurefusha muda wa kuzungusha. Au angedai kibadili hezi. Wanafunzi hawakuwa wazembe. Waliadhibiwa kwa uamuzi uliopitishwa Marekani kabla babu zao hawajazaliwa.

Vifaa vingi vya siku hizi vya kielektroniki hukubali volti 100 hadi 240 na hezi 50 hadi 60, na kibandiko cha nyuma husema hivyo waziwazi. Lakini sentrifuji, pampu na majokofu ya zamani ndiyo hasa hutolewa sadaka. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu misaada ya vifaa vya tiba, likasisitiza kwamba matakwa ya mpokeaji yaheshimiwe. Ili yaheshimiwe, sharti kwanza yaandikwe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sipendekezi tukatae misaada. Ninapendekeza kabla ya hafla na picha, mkuu wa maabara aandike ukurasa mmoja: volti zetu, hezi zetu, kazi tunayotaka kuifanya, na asiyetimiza hayo ashukuriwe kwa adabu, abaki na mzigo wake. Taifa lisiloandika mahitaji yake huandikiwa na wengine, na gharama huishia katika karatasi ya alama ya kijana asiye na kosa.