Moto, Mifupa na Bata Mzinga wa Profesa

Kuna kitu kinanikera katika hadithi zetu za kipelelezi, na afadhali nikiseme mapema. Jambazi anaua, anaimwagia maiti petroli, anawasha kiberiti, anaondoka zake na gari jeusi. Kesho yake polisi wanakuta jivu tupu. Hadithi inasonga mbele kana kwamba marehemu hakuwahi hata kuzaliwa. Nimesoma miswada ya namna hiyo mpaka nimechoka, na mingine ni ya vijana wenye kipaji kweli kweli.

Jamani, jivu tupu halipo. Petroli huwaka kwa kelele, dakika chache imekwisha, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Hata katika tanuri la kuchomea maiti, lenye joto la nyuzi 800 au 900 za sentigredi, baada ya saa moja na nusu au mbili kinachotoka ni mifupa iliyovunjikavunjika, kilo mbili tatu hivi kwa mtu mzima. Lile "jivu" wanalokabidhiwa ndugu huko Ulaya na Marekani ni mifupa iliyosagwa kwa mashine. Waulize Wahindu wa mijini kwetu. Watakuambia kwamba moto ukishapoa kuna kazi ya kuokota.

Nayasema haya kwa sababu riziki yangu niliipata huko. Kwa miaka kadhaa kazi yangu katika maabara ya uchunguzi wa jinai ilikuwa kuchoma mifupa ya mbuzi na ng'ombe, kuipima, kuivunja na kuandika nilichokiona. Muuza bucha alinishangaa sana: mteja gani huyu anataka mifupa, nyama anamwachia mwenye duka? Harufu ilipoanza kunifuata mpaka kwenye nguo, mtaani wakapitisha kwamba mimi ni mganga. Mama mmoja alinivizia jioni akauliza kwa sauti ya chini kama natoa na dawa ya biashara. Nikamwambia ningekuwa nayo nisingekuwa nachoma mifupa. Akacheka, lakini sidhani kama aliniamini.

Siri ya kazi yenyewe iko kwenye rangi, na hata wewe unaweza kuiona kijiweni siku washikaji wakichanga hela ya nyama choma. Mfupa uliokuwa ndani ya nyama hutoka wa manjano au kahawia kidogo, kwa sababu nyama na maji yake vimeukinga. Sasa utupe kwenye mkaa. Ukifika nyuzi 300 na kitu unakuwa mweusi tii. Ile protini iliyomo ndani imegeuka kaboni. Ukizidi 500 na 600 unaanza kuwa wa kijivu, wakati mwingine una ubuluu. Ukipita 700 au 800 kwa muda wa kutosha unakuwa mweupe kama chaki, umenywea, umejipinda, na ukiugonga unalia kama kigae. Nyufa nazo zina lugha yake. Mfupa mbichi wenye nyama kwa kawaida hupasuka kwa mistari iliyopinda na hujikunja. Mfupa uliokauka siku nyingi kabla ya kuchomwa hupasuka zaidi kwa urefu. Kwa hiyo mtu akidai alichoma mifupa ya zamani aliyoikuta shambani, mifupa yenyewe inaweza kumsuta.

Na DNA? Hiyo ndiyo inayotangulia kukata tamaa. Mfupa uliokwisha kuwa mweupe hauna cha kukupa, au ni kidogo mno. Ndiyo maana kabla ya DNA, na hata baada yake, mfalme wa moto amebaki kuwa jino.

Hapo ndipo inapoingia Boston ya mwaka 1849. Kama wewe unaandika hadithi za mauaji, kesi hii unatakiwa uijue kama unavyojua njia ya kwenu.

Dokta George Parkman alikuwa tajiri, mwenye majumba na mwenye madeni ya watu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kidevu kilichochomoza mbele kuliko pua, na kodi yake aliifuata mwenyewe kwa miguu. Kiwanja kilichojengwa chuo cha udaktari cha Harvard ni yeye alikitoa. Ndani ya chuo hicho hicho alikuwamo Profesa John Webster, mwalimu wa kemia, mtu aliyependa kukaribisha wageni kuliko mshahara wake ulivyoruhusu. Webster alimkopa Parkman, akaweka rehani mkusanyiko wake wa madini. Halafu akaenda kuuweka rehani mkusanyiko ule ule kwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni nani? Shemeji yake Parkman! Dili la namna hiyo hata pale kwetu stendi lingestukiwa.

Ijumaa, tarehe 23 Novemba 1849, Parkman aliingia chuoni kudai chake. Hakuonekana tena. Zawadi ya dola 3,000 ikatangazwa, polisi wakatafuta mpaka mtoni. Mtu aliyekuwa na shaka alikuwa mhudumu wa jengo, Ephraim Littlefield. Aliona mlango wa maabara ya profesa umefungwa, aligusa ukuta wa nyuma ya tanuri akakuta wa moto. Lakini lililomtia wasiwasi zaidi ni bata mzinga. Sikukuu ya Shukrani ilikuwa imekaribia, na profesa, ambaye tangu wafahamiane hakuwahi kumpa hata kipande cha mkate, akamwambia aende dukani akachukue bata mzinga mzima, zawadi. Littlefield alimchukua, akamla, kisha akatafuta sururu na nondo. Mkewe akakaa zamu juu, naye akaingia chini ya jengo kutoboa ukuta wa shimo la choo cha profesa. Tarehe 30 Novemba tundu lilipenya. Akamulika taa, akaona nyonga, paja na kipande cha mguu.

Polisi walipoingia maabara walikuta kiwiliwili ndani ya sanduku la chai. Kwenye majivu ya tanuri walichambua vipande vya mifupa ya fuvu na, katikati yake, vipande vya meno ya bandia na dhahabu kidogo. Jeffries Wyman, bingwa wa anatomia, alivipanga vipande akaonyesha kwamba hakuna mfupa hata mmoja uliojirudia: yote ingeweza kuwa ya mtu mmoja. Lakini mtu gani? Wanafunzi wa udaktari wanapasua maiti jengo hilo hilo kila wiki.

Ndipo akaitwa daktari wa meno, Nathan Keep. Yeye ndiye aliyemtengenezea Parkman meno mwaka 1846, mbio mbio, kwa sababu Parkman alitaka kuyavaa siku ya kufungua chuo. Ndiyo, chuo hicho hicho. Na ule mfano wa plasta wa taya la Parkman, lenye kidevu kisichosahaulika, Keep alikuwa bado anao dukani kwake. Mbele ya mahakama, Machi 1850, aliviweka vipande vilivyoungua juu ya plasta vikakaa. Akaonyesha mahali alipopiga tupa upande wa ulimi, wiki chache tu kabla Parkman hajapotea. Akaeleza pia kwamba meno yale lazima yaliingia motoni yakiwa ndani ya kichwa, maana yangetupwa peke yake kwenye moto mkali yangepasuka. Halafu, kizimbani pale pale, akalia. Waliokuwa wateja wake na rafiki zake ndio hao, mmoja kwenye tanuri na mwingine karibu na kitanzi.

Utetezi haukulala. Ulimleta William Morton, yule aliyejulikana kwa kuonyesha matumizi ya etha ya kumlaza mgonjwa wa upasuaji, aseme kwamba meno yale ni meno tu, yangeweza kukaa kwenye mdomo wowote. Raia 12 wa juri hawakuchukua hata saa tatu. Webster alihukumiwa kunyongwa. Akiwa gerezani alikiri, akisema hasira zilimpanda ghafula, na tarehe 30 Agosti 1850 akanyongwa. Charles Dickens alipozuru Marekani miaka ya 1867 na 1868 aliomba apelekwe kukiona chumba chenyewe. Mwandishi ni mwandishi.

Sasa angalia kilichokuwa hatarini. Bila plasta ya Keep, mawakili wangesema ni maiti ya wanafunzi, na Webster angerudi darasani kufundisha kemia. Na kama Keep angekosea, mtu angenyongwa kwa jino la mtu mwingine. Kazi hii ina vichekesho vyake, nakubali, lakini hayo mawili yapo nyuma yake daima.

Miaka 47 baadaye, tarehe 4 Mei 1897, mnada wa hisani mjini Paris uliungua. Taa ya mashine ya sinema, iliyotumia etha, ndiyo iliyowasha. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi wanawake wa koo kubwa, akiwemo dada yake Malkia Elisabeth wa Austria. Ndugu walitambua waliyoweza kwa pete na vipande vya nguo. Waliobaki, balozi mdogo wa Paraguay akatoa wazo: waitwe madaktari wao wa meno. Wakaitwa, na wengi wa wale waliobaki wakapata majina. Mwaka uliofuata Oscar Amoëdo, Mcuba aliyekuwa akifanya kazi Paris, akaandika kitabu kikubwa juu ya meno na sheria, na hadi leo anaitwa baba wa fani hiyo. Mimi ningempa Keep angalau ujomba.

Mambo ya kuchoma kwa makusudi, na saa na kipimajoto mkononi, yalishika kasi katika karne ya 20. Mwaka 1984 Pat Shipman na wenzake walitoa matokeo ya kuchoma mifupa ya kondoo na mbuzi hatua kwa hatua mpaka zaidi ya nyuzi 900, na ngazi zao za rangi tunazitumia mpaka leo. Mwaka 1998 John DeHaan alimfunika nguruwe aliyekufa kwa blanketi ndani ya chumba chenye samani, akawasha kwa petroli kidogo mbele ya kamera za BBC. Nguruwe akawaka taratibu kwa masaa kama mshumaa, mafuta yake yakinywewa na blanketi, na mifupa ya sehemu iliyoungua ikawa ya kufikichika, huku chumba kingi kikibaki kizima. Kumbe zile hadithi za watu "kuwaka wenyewe" zilikuwa na maelezo: mafuta, nguo na muda. Muda, msomaji! Jambazi wa kwenye miswada yetu hana muda, ana gari jeusi linamsubiri.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote hakina polisi. Kiko Afrika Kusini.

Mwaka 1948 Raymond Dart, mtu wa makelele mazuri, alitazama mifupa meusi ya pango la Makapansgat akaamua imechomwa. Viumbe walioishi pale, akasema, walikuwa wawindaji wakali wenye moto. Akawapa jina Australopithecus prometheus, kwa heshima ya Prometheus wa Wagiriki aliyewaibia miungu moto. Jina tamu. Tatizo ni kwamba baadaye uchunguzi ulionyesha weusi ule ni madini ya manganizi. Moto haukuwapo.

Akaja Bob Brain, mpole, mzaliwa wa Harare mwaka 1931. Alienda Namibia, bonde la mto Kuiseb, akaokota mifupa ya mbuzi waliotupwa na wenyeji baada ya kula, na mbwa wakamalizia. Akahesabu ipi inabaki na ipi inapotea. Akagundua kwamba mifupa ambayo Dart aliiona kama silaha zilizochaguliwa ni ile tu migumu ambayo meno yameshindwa kuimaliza. Kuanzia 1965 akachimba pango la Swartkrans kwa miaka zaidi ya ishirini. Humo kulikuwa na fuvu la mtoto wa jamii ya kale lenye matundu mawili, na meno ya chini ya chui yakaingia kwenye matundu hayo sawasawa. Mwindaji alikuwa chui. Sisi tulikuwa kitoweo.

Kisha, katika tabaka la tatu, akaanza kuona mifupa myeusi. Fikiria alivyojisikia, na kivuli cha Dart kipo nyuma ya bega! Hakukimbilia magazetini. Alichoma mifupa ya kongoni kwa joto tofauti, akaikata vipande vyembamba, akavilinganisha na vya pangoni kwa hadubini, huku Andrew Sillen akipima kemia yake. Desemba 1988 wakatangaza: kati ya vipande 59,488, vipande 270 vilikuwa vimechomwa, vingine chini ya nyuzi 300, vingine zaidi ya 500. Umri wake ni miaka milioni moja mpaka moja na nusu. Vilitawanyika katika kina cha karibu mita sita, maana yake moto haukupita siku moja tu.

Wapo wanaosema ni moto wa nyika. Mabishano kama hayo yako hata Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo, Kenya, ambako mwaka 1981 John Gowlett na wenzake walitangaza mabonge ya udongo uliochomwa wa miaka milioni 1.4. Mimi niko upande wa Brain, aliyefariki mwaka 2023. Mtu aliyehesabu mifupa ya mbuzi jangwani, kisha akakaa pangoni miaka ishirini, akachoma na kongoni kabla ya kufungua mdomo, simbishii haraka. Na kuna jambo moja alilolionyesha ambalo bado linanisisimua. Mifupa iliyochomwa ilitoka tabaka la tatu. Katika tabaka mbili za chini yake hakupata hata mmoja, na huko ndiko lilikotoka lile fuvu la mtoto lenye matundu ya chui.