Zanzibar iliyofutwa kwenye orodha

Test zimeisha, bumu bado halijaingia, basi tupige stori ya historia ambayo haimo kwenye silabasi yetu ya ualimu.

Sisi wa Rangwi redio ya kuongelea tunaijua kama redio kolo, ya misheni au polisi. Lakini wapo watu duniani wanaorusha mawimbi kwa mapenzi tu, kama wachezaji wa ridhaa. Kila mmoja hupewa na serikali jina la hewani, na mwanzo wa jina unaonyesha nchi. Enzi za mkoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Baada ya uhuru sisi tukawa 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Hata T ya Tanganyika hatukupata, herufi nzuri zilishachukuliwa na waliotangulia. Tena H hewani husomwa "Hotel", utadhani tunatangaza vyumba Nungwi, hahaha.

Sasa utamu wenyewe. Hawa jamaa hushindana kuzungumza na nchi nyingi, na orodha inayoheshimika zaidi ni ya chama cha Marekani, ARRL. Nchi ni nini hasa? Mwaka 1935 Clinton DeSoto wa chama hicho alipendekeza kwamba kila eneo linalojitenga kisiasa AU kijiografia lihesabiwe. Hiyo "au" ndiyo imezaa mabishano mpaka kesho! Kwa siasa, Muungano wa Aprili 26, 1964 ulitufanya nchi moja. Kwa jiografia, bahari bado ipo pale pale. Basi orodha ikaendelea kuiandika Zanzibar peke yake miaka kumi mizima, mpaka Mei 31, 1974. Siku iliyofuata ikawa imefutwa.

Mimi nawaza hivi: Muungano wetu tunaubishania humu hosteli hadi usiku wa manane, kumbe kuna watu Connecticut walikuwa wanauhesabu kwa kalamu yao bila kumuuliza mtu wa Wete wala wa Lushoto. Na Lushoto yenyewe tunaijua, Mjerumani aliiita Wilhelmstal. Hata kabila letu, huyu anaandika Wasambaa, yule Washambaa, mwingine Washambala, na ramani zimeng'ang'ania Usambara.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ARRL waliacha kusema "nchi", wakachukua neno linalomaanisha kitu chochote kinachojitegemea. Ujanja huo! Kuna orodha nyingine ya visiwa, aliyoianzisha Mwingereza Geoff Watts mwaka ule ule wa 1964. Yeye hakujali bendera: Unguja ni AF-032, Pemba AF-063, na Mafia ya bara ina namba yake, AF-054.

Kwa hiyo leo mtu akirusha kutoka Mji Mkongwe kwa jina la 5H1, Marekani wanaandika Tanzania tu. Ila mzee mwenye kadi ya Zanzibar ya kabla ya Juni 1974 bado anahesabiwa nchi hiyo kwenye jumla yake, na kijana wa leo hawezi kuipata hata akeshe.

Wazenji mliopo humu, mnasemaje?