Redio ya Betri Katika Migomba ya Kilimanjaro

Mtu ashukaye leo kutoka Marangu au Kibosho kwenda mjini Moshi hupita chini ya nyaya za umeme karibu safari yake yote. Walakini katika maduka ya njiani, juu ya rafu, kando ya viberiti na chumvi, betri za redio bado huuzwa mbili mbili, na wanunuzi wake hawajaisha. Aghalabu ni wazee, walinzi wa usiku, na watu wafanyao kazi mbali na nyumba. Umeme umefika kwao, na simu za watoto wao zaweza kupiga nyimbo nyingi kuliko zilizopata kuimbwa katika wilaya nzima. Lakini wao hushika redio ndogo yenye kifuniko nyuma, na kifuniko hicho hukifungua wenyewe. Vijana hudhani huu ni ukaidi wa uzee. Sababu yenyewe ni ndefu kuliko hivyo, na yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna habari ya nani alikuwa na mamlaka juu ya sauti iingiayo nyumbani mwake.

Kabla ya redio palikuwa na santuri. Reli ya Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na kwa reli hiyo vilipanda vitu vya bandarini: nguo, taa, baiskeli, cherehani, na baadaye gramafoni. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani, sahani hizo zilienea Afrika ya Mashariki. Mashine ya kuzipiga haikutaka nguvu yoyote isipokuwa mkono wa kuvuta kamani, na sindano za chuma zilizouzwa madukani katika vikopo vidogo. Sindano ikichakaa hutupwa, ikatiwa nyingine. Jambo hili laonekana dogo, lakini liliwazoeza watu desturi moja kubwa: ala ya muziki hununuliwa mara moja, na kile kinachochakaa ndani yake hununuliwa tena na tena, kwa senti, na mwenyewe hukitia kwa mkono wake bila fundi.

Redio ilikuja na masharti mazito zaidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, wakati ambapo kahawa ya Kilimanjaro, iliyouzwa kwa njia ya chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa ikipata bei nzuri kuliko za kabla ya vita. Fedha ilikuwako na masikio yalikuwako. Kilichokuwa haba ni nguvu. Redio za siku zile zilikuwa za valvu, yaani vioo vyenye nyuzi ndani ambazo sharti zipate moto ndipo sauti itoke. Sehemu kubwa ya nguvu ya betri iliishia katika kupasha nyuzi hizo moto, kama mtu achomaye mtumba wa kuni ili achemshe kikombe kimoja cha maji. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, mtumishi wa serikali aitwaye Harry Franklin aliomba viwanda vimtengenezee redio ya mtu wa kijijini. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ikatoa redio iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5 mbali. Betri hiyo ilidumu kiasi cha saa 300. Redio ya sufuria ilithibitisha kuwa Mwafrika asiye na umeme alikuwa tayari kulipa ili asikie, na kulipa tena betri ikifa. Lakini betri iliyo robo ya bei ya redio si kitu cha kununuliwa pamoja na chumvi.

Kilichoileta katika rafu ya chumvi ni transista. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, ikaanza kutiwa katika redio za kuuzwa mwaka 1954. Haina uzi wa kupashwa moto. Kwa hiyo betri chache za tochi, za volti moja na nusu kila moja, zatosha kuipa nguvu kwa siku nyingi. Redio ikawa kitu cha kubebwa begani au kutundikwa tawini. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Dar es Salaam na mwenge ukawashwa juu ya kilele cha Kilimanjaro, watu wa mlimani walikuwa karibu na kilele kuliko na uwanja wa sherehe. Lakini habari za vyote viwili ziliwajia kwa njia ya redio, kutoka pwani. Baada ya hapo kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National, na Philips wakaunganisha redio Arusha, karibu na nyumbani kabisa.

Hapa mtu ataka kuuliza kwa nini mlima wenye mito mingi hivyo ulikaa bila nyaya. Maji yatokayo Kilimanjaro huingia katika mto Pangani, na mto huo uliendesha mitambo ya umeme ya Maporomoko ya Pangani tangu mwaka 1936, ya Hale tangu mwaka 1964, na ya Nyumba ya Mungu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Umeme ule ulikwenda kwanza katika miji na mashamba makubwa ya mkonge. Mji wa Moshi uling'aa, na mtu wa Kilema au Uru aliutazama ung'aavyo usiku akiwa mlangoni pake na taa ya mafuta mkononi. Maji yalipita katika mfereji wake yakaenda kuwasha taa ya mtu mwingine. Kwa muda wa miaka mingi nguvu ya umeme pekee iliyofika kihambani ni ile iliyofungwa katika mkebe wa zinki wenye ukubwa wa kidole gumba au zaidi kidogo, ikapanda mlima ndani ya kikapu cha mtu arudiye sokoni.

Mkebe huo watu walijifunza tabia zake kama wajuavyo tabia za ng'ombe wao wa maziwa. Ndani yake mna kijiti cha kaboni katikati, unga mweusi wa manganizi ukikizunguka, na uji wa chumvi; asili yake ni chombo alichokibuni Georges Leclanché, Mfaransa, mwaka 1866. Betri ya namna hii ikitumiwa bila kupumzishwa huzimia upesi, na ikipumzishwa hurudiwa na nguvu kidogo. Hakuna mwalimu aliyepita vijijini kulieleza jambo hili, bali kila nyumba ililijua. Redio ilizimwa mara habari zikiisha. Sauti ilipoanza kufifia, betri zilitolewa zikaanikwa juani juu ya bati au jiwe, na joto likaamsha kilichobaki ndani yake. Jioni zikarudishwa, zikaimba tena kwa muda wa taarifa moja au mbili. Wengine walizibonyeza kwa meno. Zilipokufa kabisa hazikuacha kazi: unga wake mweusi ulisagwa ukapakwa ubao wa shule, na watoto wakachora kwa vijiti vya kaboni. Zinki iliyobaki ilitupwa chini ya migomba, jambo ambalo kwa elimu ya leo si la kusifiwa.

Desturi hii ya kupima nguvu kwa uchache ilifundisha namna ya kusikiliza. Nyumba yenye umeme huacha redio iseme peke yake kutwa, na hakuna amsikilizaye. Nyumba ya betri ilichagua. Radio Tanzania, kama ilivyoitwa tangu mwaka 1965, ilikuwa na taarifa ya habari na Mazungumzo Baada ya Habari. Ilikuwa na Ukulima wa Kisasa, na Mama na Mwana kwa watoto. Na ilikuwa na muziki wa dansi, uliorekodiwa katika studio yake yenyewe kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Bendi ya NUTA na ya Morogoro Jazz zilifika Rombo kwa njia hiyo. Mtu aliyetaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe aliweka akiba ya betri kwa ajili ya saa yake, kama awekavyo mtu akiba ya mbegu.

Moshi yenyewe haikuwa ya kusikiliza tu. Shirikisho la Walutheri Duniani lilipofungua kituo cha Sauti ya Injili huko Addis Ababa mwaka 1963, studio ya Moshi ilitengeneza vipindi vya Kiswahili. Tepu zilipelekwa Uhabeshi, na sauti ikarudi kwa masafa mafupi hadi katika migomba iliyo mwendo wa saa chache kutoka pale ilipotiwa katika tepu. Ni safari ya ajabu kwa neno la jirani.

Yafaa pia kusemwa kwamba betri hazikuwa za wote sawasawa. Aghalabu redio ilikuwa mali ya baba, na betri zilinunuliwa kwa fedha ya kahawa, ambayo nayo ilikuwa mikononi mwake. Mama, ambaye fedha yake ilikuwa ya ndizi sokoni, alisikia kile kilichofunguliwa na mwingine. Wako waliotoka nyumbani na kuichukua redio kwenda nayo kilabu cha mbege, na nyumba ikabaki kimya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipunguza kidogo ubahili huo, kwa kuwa iliwakusanya watu zaidi ya milioni mbili katika nchi nzima, wake kwa waume, katika vikundi vya kusikiliza redio moja na kujadiliana. Redio moja kwa kikundi kizima ni matumizi mazuri kabisa ya betri.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa milango kufungwa. Mwezi wa Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwezi wa Machi serikali mpya ya Uhabeshi ikakitaifisha kituo cha Addis Ababa. Kisha vikaja vita vya Kagera, na baada yake miaka ya uhaba. Sabuni ilikosekana, mafuta ya taa yalikosekana, na betri zikakosekana pia. Ndipo udhaifu wa redio ya betri ulipoonekana wazi: mwenye redio alikuwa huru kwa waya, lakini hakuwa huru kwa duka. Redio nzima, isiyo na kasoro, ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa. Upande wa pili wa mpaka, Nakuru, palikuwa na kiwanda cha betri cha Eveready kilichoanzishwa mwaka 1967, na watu wa Rombo walikuwa na ndugu, masoko na njia za miguu upande huo. Magendo yalipita katika njia hizo usiku. Serikali ilipoanza kuwakamata wahujumu uchumi mwaka 1983, mwenye katoni ya bidhaa adimu chini ya kitanda, hata kama ni bidhaa hafifu kiasi gani, hakulala usingizi. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Tarehe 12 Aprili 1984 Mwalimu Nyerere alitangaza kwa redio kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyekuwa ameiongoza vita ile ya wahujumu. Na vijijini watu walikimbilia nyumba ambayo betri zake zilikuwa hai.

Biashara ilipolegezwa, redio kaseti zikawa nyingi. Hizi zilikuwa na ulafi, maana mota ya kuzungusha utepe hula nguvu kuliko sauti. Betri zikichoka, mwimbaji wa kike huanza kuimba kama mwanamume, kisha kama mzee, kisha hunyamaza. Dawa yake ilikuwa kuurudisha utepe nyuma kwa kalamu ya wino iliyotiwa katika tundu la kaseti, ili nguvu itumike katika kuimba peke yake. Vijana wa miaka ile wote waliijua kazi hiyo.

Umeme ulipozidi kupanda mlimani, ilidhaniwa kuwa betri zingekoma. Hazikukoma. Migao ya umeme ya mwaka 2006 na 2011 iliwakumbusha watu kwamba waya una mwenyewe, na mwenyewe hayuko kijijini. Tena, kwa hesabu ya haki, nguvu ya betri ni ghali mno kuliko ya waya, mara nyingi sana. Lakini hununuliwa kidogo kidogo, na haileti deni mwisho wa mwezi. Shirika la umeme lenyewe lilikuja kuiga busara hiyo katika miaka ya 1990, lilipoanza kuuza umeme kwa njia ya LUKU, ambapo mtu hulipa kwanza kadiri awezavyo.

Simu za kisasa zimekuja na betri iliyozibwa ndani, isiyofunguka bila fundi. Ikichoka, chombo kizima huonekana kimechoka. Redio ndogo zitokazo Uchina, zenye tundu la kadi ya nyimbo, zimeshika njia ya zamani: nyingi hutumia betri bapa iliyokuwa ya simu za Nokia, ile ya BL-5C, ambayo mtu huichomoa kwa ukucha na kutia nyingine. Nyingine hupokea zote mbili, bapa na za mviringo. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na betri nyingi zilizomo madukani sasa hutoka mbali. Katika soko la Mbuyuni mnunuzi mwangalifu bado hatoi fedha yake kwanza. Humwomba muuzaji azitie katika tochi, naye muuzaji huiwasha mchana kweupe, akaifunika kwa kiganja, wakatazama wote wawili.