Taipei na Shanghai: Majirani wa Kupitia Hong Kong

Ukipima kwa rula juu ya ramani, Taipei na Shanghai ni majirani. Umbali kati yao haufiki kilomita 700, na ndege huumaliza kwa saa moja na nusu hivi. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne hakuna abiria wa kawaida aliyeweza kuruka moja kwa moja kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Chanzo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China. Mwaka 1949 wakomunisti wa Mao Zedong walitwaa nchi, na serikali ya Chiang Kai-shek ikakimbilia kisiwa cha Taiwan. Mawasiliano ya meli, ndege na posta yakakatika. Wanajeshi waliovuka na Chiang waliacha nyuma wazazi, wake na watoto, na wengi wao hawakuwatia machoni kwa karibu miaka 40.

Novemba 1987 Taiwan iliwaruhusu watu wake kwenda kuwatembelea jamaa zao China Bara. Ruhusa ilipatikana, njia haikuwepo. Msafiri aliruka kilomita 800 hivi kuelekea kusini-magharibi hadi Hong Kong, akateremka Kai Tak, uwanja uliobanwa na maghorofa ya Kowloon, akakaguliwa hati zake na kubadili ndege, kisha akaruka kilomita nyingine 1,200 na zaidi kurudi kaskazini. Safari ilikaribia mara tatu ya umbali halisi, na siku ikaishia njiani. Wafanyabiashara wa Taiwan walipofungua viwanda Shanghai na Kunshan, mzunguko huo ukawa sehemu ya maisha yao, na njia ya Taipei na Hong Kong ikawa miongoni mwa zile zenye abiria wengi zaidi duniani.

Tarehe 26 Januari 2003, watu wakirejea makwao kwa Mwaka Mpya wa Kichina, Boeing 747 ya China Airlines ilitua Pudong, Shanghai. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya Taiwan kutua China Bara kwa ruhusa tangu 1949. Nayo ilibidi itue kwanza Hong Kong. Mwaka 2005 sharti la kutua liliondolewa, lakini rubani bado alitakiwa kupitia anga ya Hong Kong. Abiria hakushuka tena. Mzunguko ulibaki palepale.

Ma Ying-jeou alipoingia madarakani Taipei, Mei 2008, mazungumzo yalienda mbio. Julai zikaanza ndege za kukodi za mwisho wa wiki. Novemba makubaliano yakatiwa saini, na tarehe 15 Desemba njia mpya ikafunguliwa kaskazini, juu ya Bahari ya China Mashariki. Sasa waongoza ndege wa pande mbili walikabidhiana ndege wenyewe kwa wenyewe, na safari ikapungua kwa takriban saa moja.

Juni 2010 ukaja unafuu mwingine, wa ardhini: ndege zilianza kuunganisha Songshan na Hongqiao, viwanja vilivyo karibu zaidi na katikati ya miji hiyo kuliko Taoyuan na Pudong.

Februari 2020, kwa sababu ya korona, Taiwan ilibakiza safari za viwanja vitano tu vya China Bara. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya Shanghai.